eTIMS imefika hadi kwa tikiti la Bura: nani anashika daftari lako?

Kama ukisikia neno softiwea unaona tu msee wa Westlands na laptop na kahawa ya soo tano, ebu leo tushuke hadi Bura, Tana River. Huko jua halibembelezi mtu, mathenge imevamia mashamba, na bado kuna wasee wanapanda vitunguu, nyanya na matikiti kwa maji ya mfereji. Mkulima wa huko, na mathe wa duka pale mjini, sai wako ndani ya softiwea kuliko wengi wetu. Wengine wao hawajadaunlodi kitu hata moja.

Stori ni hii. Finance Act ya 2023 ilisema kuanzia Januari 1, 2024, ukinunua kitu cha biashara bila risiti ya eTIMS, hiyo gharama KRA haiihesabu. Umetumia doh, lakini kwa macho yao haujatumia. Biashara ndogo zilipewa hadi Machi 31, 2024 kujisajili. Halafu Desemba 2024, miezi sita baada ya zile maandamano za Finance Bill, sheria ingine ikapita bila kelele nyingi: kama muuzaji anauza chini ya milioni 5 kwa mwaka, ama ni mkulima mdogo, mnunuzi anaeza kumwandikia hiyo risiti. Na mwisho wa 2025 KRA ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 inalinganisha kile unadeklea kwa ritani na kile mfumo wao unaona tayari.

Ukiziweka hizo tatu pamoja, unapata kitu yenye sijaona ikiongelewa sana mtaani: mtu wa Bura anaeza kuwa na historia ya biashara kwa kompyuta ya serikali, imeandikwa na broka, na yeye mwenyewe hajaisoma hata mstari mmoja.

Tuanze chini kabisa, juu wengi wetu tunatumia hii kitu kila siku na hatujawahi ambiwa ni nini. Simu yenyewe, kioo, betri, hiyo ni mashine. Softiwea ni maagizo yenye yanaambia mashine ifanye nini. Kuna ile ya msingi, kama Android ama Windows, yenye inaamsha mashine na kugawa kazi. Juu yake zinakaa programu za kazi: WhatsApp, Excel, kikokotoo, apu ya benki. Halafu kuna data, yaani kile wewe umeweka ndani: majina, bei, tarehe, nani amelipa na nani anazungusha.

Simu ikinyakuliwa stage, unajipanga ununue ingine. Programu unadaunlodi tena bure. Data ikienda imeenda, labda uwe uliweka nakala mahali pengine. Hiyo ya tatu ndio ghali, na mwenye kukuuzia simu hakuwahi kukuuliza utaiweka wapi.

Sasa kuja kwa kabambe. Mtu atakuambia, "Mimi sina mambo ya softiwea, simu yangu ni ya kubonyeza." Eti? Ukipiga *334# ya M-Pesa ama *222# ya eTIMS, programu inafanya kazi vizuri tu, ni vile haiko kwa simu yako. Iko kwa seva, kompyuta ya mwenye huduma, mahali hautawahi fika. Kabambe yako inatuma namba umebonyeza na kukuonyesha jibu. Ndio maana kasimu ka bei ya chini kanaeza kuendesha mfumo wa mabilioni. Na ndio maana pia daftari lenyewe liko kwa mwenye seva.

M-Pesa imekuwa hivyo tangu Machi 2007. Ilifika kwa duka za Tana River kabla benki nyingi zifikirie kufungua tawi, na nadhani ndio softiwea ya biashara kubwa zaidi Kenya imewahi kuwa nayo, hata kama hakuna mtu huiita hivyo. Muulize mathe wa duka rekodi zake ziko wapi, atakuonyesha zile meseji. Mfanyabiashara wa mbuzi naye ni hivyo hivyo: bei imekubaliwa kwa kushikana mikono, pesa imeingia kwa simu, na meseji ndio shahidi.

Lakini zisome hizo meseji vizuri. Zinakuambia nani alituma, pesa ngapi, saa ngapi. Hazikuambii aliuza nini, alinunua kwa bei gani, stoki imebaki ngapi, ama ni nani alichukua unga Jumanne akasema atalipa mwisho wa mwezi. Pesa taslimu hazionyeshi kabisa. Na kama simu ni moja ya duka na ya nyumbani, karo ya mtoto, mchango wa harusi na pesa za sukari ziko kwa foleni moja. Ndio maana Pochi la Biashara iliwafaa wengi: angalau pesa ya kazi inakaa kando. Ni hatua poa, lakini bado haujui kama unapata faida.

Na huo ni mchezo wa hesabu ndogo tu. Chukulia duka inauza laki moja kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.2. Ushapita milioni 1, kwa hivyo ile kodi ya mauzo, TOT, inakuhusu: asilimia 3 ya mauzo, yaani ngiri tatu kila mwezi, elfu 36 kwa mwaka. Hiyo inakatwa kwa mauzo, haingojei kujua kama ulipata kitu. Kama faida yako kwa kila soo ni bob 8, mwaka mzima umebaki na elfu 96. Toa 36, umebaki na elfu 60. Sasa kama hukuwa unajua faida yako ni bob 8, ulikuwa unadhani ni 20 juu hivyo ndivyo inakaa ukiangalia droo jioni, utaona ni kama kuna mtu anakuibia. Utashuku yule kijana wa duka. Kumbe ni hesabu hukuwahi kufanya.

Hapo ndio softiwea ya biashara inaingia, na enyewe haina maajabu. Hata Excel kwa simu, safu nne: nimenunua nini, kwa ngapi, nimeuza kwa ngapi, nani hajalipa. Kuna apu za bure za duka zenye zinahesabu stoki kila ukiuza. Kazi yake kubwa ni kukumbuka na kujumlisha bila kuchoka. Daftari la karatasi linakumbuka pia, tena fiti sana, lakini halijumlishi. Lazima wewe ukae chini saa nne usiku na kalamu, na saa nne usiku Bura, baada ya joto la siku nzima, hakuna mtu ana hiyo nguvu.

Hapa acha nirudi nyuma kidogo, juu Bura ina historia na mambo ya daftari. Mradi wa unyunyizaji wa Bura ulipangwa mwisho wa miaka ya 70 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa hekta 6,700. Zilizolimwa zikaishia kama 2,500, na mradi ukatajwa kati ya miradi ghali zaidi ya aina yake. Familia zilitolewa kila pembe ya Kenya mwanzo wa miaka ya 80, zikapewa vipande vya shamba, zikaambiwa zilime pamba. Maji yalisukumwa na pampu za dizeli kutoka Nanighi. Usimamizi ndio ulileta mbegu na dawa, ndio ulichukua pamba, ndio ulikata gharama zake, halafu mkulima akapewa kilichobaki. Kama kilibaki. Mwisho wa hiyo miaka ya 80 pampu zikagoma, pamba ikafa, na mradi ukalala hadi ulipofufuliwa miaka ya 2000. Sai uko chini ya National Irrigation Authority.

Pampu na pesa ndio ziliua mradi, si daftari. Lakini fikiria kuwa mkulima wakati huo. Unavuna, unaambiwa una deni. Utabishana na nini? Hesabu yote, ya maji, mbegu, dawa na kilo, iko kwa ofisi. Wewe una mikono na kumbukumbu.

Sasa fungua macho uangalie 2026. Mbolea ya ruzuku ya serikali, ile gunia la 2,500, inaenda kwa mkulima aliyesajiliwa kwa mfumo. Mfumo unajua uko wapi na una ekari ngapi, unakutumia SMS, unaenda kuchukua. Aliyekusajili akikosea ekari, akaandika moja badala ya tatu, mfumo utakupimia mbolea ya ekari moja na hakuna mtu amekuonea. Programu inafanya hesabu sawa kabisa juu ya namba mbaya. Wasee wa kompyuta wanaijua hii siku zote: ukiweka takataka, unatoa takataka. Tofauti ni kwamba hapa takataka ni msimu wa mtu.

Haya, tikiti.

Broka anakuja na lori, anataka tani nne. Mnaelewana bob 18 kwa kilo. Hiyo ni elfu 72, inaingia kwa M-Pesa, kila mtu anasonga. Zamani stori ingeishia hapo. Siku hizi huyo broka anauzia kampuni, ama yeye mwenyewe ni kampuni, na anahitaji risiti ya eTIMS. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida. Kama elfu 72 yako haina risiti, KRA inaihesabu kama faida yake, na analipa zaidi ya elfu 21 juu ya hewa. Unadhani hizo elfu 21 atazitoa wapi? Atakushushia bei, ama aende kwa mkulima mwenye risiti. Kwa hivyo wale wanasema "eTIMS ni ya matajiri, mimi hainihusu" hawajapiga hesabu. Inakufikia kupitia bei hata kama KRA haijawahi kusikia jina lako.

Ndio sheria ikasema sawa, mnunuzi aandike kwa niaba ya mkulima. Kwa karatasi ni kitu poa. Mkulima wa Bura hana muda wa kubonyeza menyu akiwa kwa matope. Lakini angalia huyo broka anapenda namba gani. Gharama yake ikiwa kubwa, kodi yake inashuka. Wengi wao ni watu wa haki, sisemi vingine. Sasa chukua mmoja tu mwenye tamaa. Amekulipa 18, ameandika 25. Kwa tani nne hiyo ni laki moja badala ya elfu 72. Fanya hivyo safari kumi na mbili kwa mwaka. Wewe umepokea elfu 864, uko chini ya milioni 1, TOT haikujui. Kwa kompyuta ya KRA umeuza milioni 1.2. Asilimia 3 yake ni elfu 36, na ni ya kwako, na jina ni lako, na PIN ni yako.

Ndio maana kuna kile kitendo cha kukubali ama kukataa risiti yenye umeandikiwa. Watu wanaichukulia kama zile meseji za ofa za data: bonyeza moja, songa. Hiyo ndio sekunde pekee kwa huo mchakato wote yenye mkulima ana kauli. Soma kilo, soma bei, zidisha. Kama haujui kusoma vizuri, kuna mtoto wa shule nyumbani, mpe simu asome kwa sauti. Na uwe na kitu yako ya kulinganisha, hata kama ni karatasi: tarehe, kilo, bei, pesa iliyoingia. Meseji ya M-Pesa inakusaidia hapa, juu elfu 72 imeandikwa huko na wewe wala broka hamuezi kuibadilisha.

Ukiwa hapa Nairobi ama Mombasa unasoma ukidhani hii ni shida ya ocha, ngoja. Ni wangapi hapa wako na KRA PIN, na kila Juni wanapea jamaa wa cyber soo mbili awafailie nil? Tulizoea. Nil ilikuwa kama kupiga muhuri. Sasa kama PIN yako ilitumika kuuza kitu, labda una kahasla ka viatu online na mteja mmoja alidai risiti, ama mathe alisajili duka kwa jina lako juu yake ilikuwa na shida, halafu jamaa wa cyber akabonyeza nil bila kukuuliza, mfumo unaona vitu viwili havilingani. Ritani ya mwaka wa 2025 inafaa kuingia kabla Juni 30, 2026. Hapo ndio tutaanza kusikia hizi stori, na nadhani zitakuwa nyingi.

Jamaa wa cyber simlaumu kabisa. Kwa mji mdogo kama Bura ama Hola, yeye ndio idara nzima ya IT. Anafaili kodi, anaomba HELB, anachapisha CV, anarudisha Facebook ya mtu. Tatizo ni kwamba anashika paswadi za nusu ya mtaa kwa daftari moja lenye liko juu ya printa. Nikiwa kijana nimemaliza kozi ya kompyuta na niko nyumbani Tana River, hapo ndio ningetafuta kazi: kuwafungulia watu vitabu vyao, kuwafundisha wasome risiti zao, na kutoka bila paswadi zao. Malipo ni kidogo kwa mtu mmoja, lakini kila duka na kila shamba linaihitaji kila mwezi, si mara moja kwa mwaka.

Kuna wale wataniambia karatasi haiangushwi na hakika. Wako na pointi. Julai 27, 2023, washambuliaji wa mtandao waligonga eCitizen, na huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimewekwa huko ndani. Hadi kununua tokeni za stima kukawa noma. Mtu wa duka mwenye alikuwa ameandika kila kitu kwa daftari hakusumbuka hata kidogo. Halafu ikafika Novemba mwaka huo huo, El Niño ikaja, Tana ikavunja kingo, barabara ya Garissa ikakatika na maji yakaingia nyumba za watu. Daftari hapo likaenda na godoro. Kwa hivyo ukiniuliza nitakuambia weka kote kuwili: karatasi ya siku, na kila Jumapili nakala kwa simu, hata kama ni kupiga picha kurasa na kujitumia kwa barua pepe. Hiyo ndio bakapu. Haihitaji kozi.

Serikali nayo ina deni lake hapa. Unaeza kulazimisha watu waingie kwa mfumo, lakini kuna mahali Tana River mtandao unashika ukisimama juu ya kichuguu tu, na menyu ya *222# haikungoji uende kuitafuta. Kama sheria inamtambua mkulima mdogo vya kutosha kuruhusu mtu mwingine amwandikie, ingemtambua pia vya kutosha kumtumia kila mwezi SMS moja, kwa Kiswahili: mwezi huu umeandikiwa mauzo haya, jumla ya mwaka ni hii. Seva tayari inajua. Kuituma ni kazi ya mistari michache ya programu na shilingi kidogo za meseji. M-Pesa imekuwa ikituambia salio kila tukituma soo tangu 2007, hadi kwa kabambe, na hakuna mtu aliona ni ngumu.

Kuna kitu moja bado hakuna programu imegusa pale shambani, na hapo ndio pesa nyingi hupotelea. Risiti inaandika kilo, lakini kilo zinatoka kwa mizani. Vitunguu bado vinapakiwa lumbesa, gunia linashonewa kofia juu linahesabiwa moja. Na mizani ya matikiti, broka anakuja na yake kwa lori.